Je, Starehe Inadaiwa? Tarehe ya Rafiki na Tarehe ya Mzazi

Kiswahili hakina uchache wa maneno ya kumtaja mtu aliyeiweka kazi kando kwa muda ili aifurahishe nafsi yake. Yapo mapumziko, likizo, matembezi, mandari, starehe na anasa. Lakini maneno haya hayakai daraja moja. Mapumziko hayamuudhi mtu. Mandari, neno wanalolipenda watu wa visiwani kwa matembezi ya jamaa waliobeba chakula na mikeka yao hadi kivulini, huleta tabasamu. Starehe huanza kutiliwa shaka, na anasa inapotajwa, aghalabu hutajwa ili ilaumiwe. Ni jambo la kuzingatiwa kwamba neno hilo la mwisho, ambalo leo limebeba lawama kuliko yote, lina asili katika mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kuzoeana na kupata utulivu wa moyo mbele ya mwenzako. Kumbe kilichokuja kuitwa ubadhirifu kilianza kama hali ya kuwa pamoja.

Katika safari hiyo ya neno moja limejificha swali la maadili ambalo halijapata kuchakaa. Je, mtu ana haki ya kuitengea furaha yake sehemu ya umri wake, mwaka baada ya mwaka, pasipo kumwomba yeyote radhi? Au kila saa ya starehe ni deni ambalo mtu fulani, mahali fulani, amelilipa? Wako wanaolijibu haraka kwa kusema kwamba dunia ni ya kupita na mtu ale alichojaliwa. Wako pia wanaolijibu haraka kwa upande wa pili, wakiona kila furaha ya mwenye nacho kuwa ni wizi kwa asiye nacho. Majibu yote mawili yana nafuu ya kutomchosha mtu kwa kufikiri. Swali lenyewe linahitaji mfano wa karibu, wenye watu, masafa na siku za kuhesabika.

Na achukuliwe, kwa njia ya mfano wa kufikirika, mtu mmoja aliyezaliwa Msanzi, katika uwanda wa juu wa Ufipa, mkoani Rukwa. Amesoma, akaajiriwa Dar es Salaam, na sasa ana umri wa miaka hamsini na ushei. Kila mwaka, wiki ileile ya mwezi wa Agosti, yeye na marafiki zake saba, pamoja na wake na watoto wao, hufunga safari ya kwenda kucheza gofu. Huenda Mufindi, mkoani Iringa, kwenye baridi na ukungu wa mashamba ya chai, ambako wakulima wa zao hilo walijiwekea uwanja. Mwaka mwingine huenda Arusha au Moshi. Safari hiyo wameitunza kwa miaka kumi na tano bila kuikosa hata mara moja. Mama yake mtu huyu yu hai. Anaishi Msanzi, na kila anapozungumza na mwanawe kwenye simu humwambia maneno yaleyale: "Njoo, mwanangu, ukipata nafasi."

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, ya mwaka 2004, inampa mfanyakazi likizo ya siku 28 mfululizo katika kila mzunguko wa mwaka. Kwa hiyo mtu huyu hana uhaba wa kutisha. Siku saba za gofu zikitolewa, zinabaki 21. Wala barabara si kisingizio tena. Zamani safari ya Tunduma hadi Sumbawanga, masafa yanayozidi kilomita 200, ilikuwa ni vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika, na abiria alifika akiwa amechoka kama aliyelima. Leo lami imefika Sumbawanga. Hata hivyo, katika miaka hiyo kumi na tano ya gofu isiyokosekana, amefika kwa mama yake mara tano, na mbili kati ya hizo zilikuwa za msiba. Hapa ndipo swali linapoacha kuwa la vitabuni.

Kabla ya kumhukumu, ni haki kwanza kuielewa starehe yake, kwa kuwa mtu hawezi kukipima kitu alichokidharau kabla ya kukitazama. Gofu ni mchezo wa ajabu. Mpira wake una kipenyo cha milimita 42.67, na shimo unamotakiwa kuingia lina upana wa milimita 108. Kati ya mpira na shimo huwekwa mamia ya mita ya majani, michanga na miti. Mwanafalsafa Bernard Suits, aliyefundisha Kanada, alikitumia mchezo huu katika kitabu chake cha mwaka 1978, The Grasshopper, kueleza maana ya mchezo wowote. Alionyesha kwamba kama shabaha ingekuwa ni mpira kuingia shimoni tu, mtu mwenye akili angeubeba mkononi akautumbukiza. Mcheza gofu hafanyi hivyo. Kwa khiyari yake huchagua njia ngumu, na ugumu huo asiouhitaji ndio unaompa raha.

Watawala wa zamani waliliona jambo hili wakakasirika. Mwaka 1457 Bunge la Uskoti, katika enzi ya Mfalme James wa Pili, lilipiga marufuku gofu kwa kuwa vijana waliacha mazoezi ya upinde na mishale ambayo ufalme uliyahitaji kwa vita. Sheria hiyo inaeleza kwa ufupi hoja kongwe dhidi ya michezo yote: kwamba muda wa mtu si wake, ni wa wale wanaomhitaji. Mfalme anaudai kwa ajili ya vita, tajiri kwa ajili ya faida, na dola changa kwa ajili ya maendeleo. Hata hoja iliyo njema ina hatari hii, kwamba ikimwachia mtu saa zile tu zinazomwezesha kurudi kazini akiwa na nguvu, imemfanya chombo. Na chombo kinapopumzishwa, kinapumzishwa kwa ajili ya mwenye nacho.

Lakini gofu ya marafiki wanane ina zaidi ya ukaidi huo dhidi ya manufaa. Ina adabu zake. Mchezo huu, kinyume na kandanda, kwa kawaida huchezwa pasipo mwamuzi wa kumfuata mchezaji. Kila mtu huhesabu mikwaju yake mwenyewe, hata ule alioupiga kichakani ambako hakuna jicho lililomwona. Una pia utaratibu wa handikapu, yaani hesabu ya nafuu anayopewa mchezaji dhaifu ili aweze kushindana na hodari pasipo kudhalilishwa. Kwa utaratibu huo babu mwenye magoti mabovu hucheza na mjukuu mwenye mabega mapya, na mshindi hajulikani mpaka mwisho. Kisha kuna mwendo. Mashimo 18 humchukua mtu kama saa nne, na sehemu kubwa ya saa hizo ni kutembea. Watu wawili wanaotembea wakitazama mbele huambiana mambo ambayo wasingeambiana wakikaa mezani uso kwa uso.

Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliandika katika Ihya kwamba safari imeitwa safari kwa sababu inafunua tabia za watu, akicheza na mzizi wa neno hilo katika Kiarabu. Naye Aristotle, katika kitabu chake cha maadili, aliwagawa marafiki mafungu matatu: wale wa manufaa, wale wa raha na wale wa wema. Akaongeza kwamba urafiki wa fungu la tatu hauharakishwi, kwani watu hawajuani mpaka wawe wamekula pamoja chumvi ya kutosha. Mswahili naye husema kwamba mzee amekula chumvi nyingi. Wote wanakusudia kwamba kuna elimu ya mwanadamu isiyopatikana ila kwa muda uliorudiwa.

Hapo ndipo thamani ya safari ya kila mwaka inapoonekana. Safari ya mara moja ni tukio, lakini safari inayorudi kila mwaka ni kipimo. Mtoto aliyekuwa akiokota mipira sasa anaupiga mbali kuliko baba yake. Mwenzao aliyekuwa hodari sasa anaomba kupumzika kwenye shimo la tisa, na wengine wanajifanya nao wamechoka. Mwaka mmoja kiti kimoja garini kinakuwa kitupu, na mjane wa mwenye kiti anaalikwa vilevile, naye anakuja. Watu hawa wasingeona mambo haya kama wangekutana ovyo, leo harusini na kesho njiani. Kuwa na siku moja isiyohamishwa kumewafanya mashahidi wa maisha ya wenzao. Kuiita hali hii anasa, kwa maana ya lawama, ni kutumia neno lisiloitosha.

Basi ziko wapi lawama? Ya kwanza ni ya kihistoria, na wasomaji wa Unguja hawahitaji kwenda mbali kuiona. Viwanja vya Mnazi Mmoja, ambako vizazi vya watoto wamesherehekea sikukuu za Idi, vilikuwa katika enzi ya ukoloni mahali pa klabu na pa gofu ya Wazungu, nafasi ya majani iliyoutenga Mji Mkongwe na Ng'ambo. Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake Pastimes and Politics cha mwaka 2001, ameonyesha jinsi michezo na mapumziko ya Wazanzibari yalivyokuwa uwanja wa kugombania heshima na nafasi katika enzi hiyo. Gofu inahitaji ardhi, hekta 50 au zaidi kwa uwanja kamili wa mashimo 18, na ardhi hiyo lazima iwe imeachwa na mtu. Inahitaji maji mahali ambapo pengine wanawake wanayafuata kwa ndoo. Inahitaji pia kijana wa kubeba mkoba, anayejua uwanja kuliko mwenye mkoba.

Mwanauchumi Thorstein Veblen aliandika mwaka 1899 kwamba tabaka la wenye nacho hustarehe ili lionekane linastarehe. Ziko starehe nyingi zinazoikubali hukumu hiyo, na gofu imo. Lakini hoja ya Veblen inamhusu mtu anayecheza ili atazamwe. Haimfikii anayecheza ili awe na wenzake. Kinachosalia baada yake ni swali la mbeba mkoba: je, katika miaka kumi na tano ya kuja Mufindi, wageni hawa wanamjua kwa jina? Wanajua ana watoto wangapi? Afrika Mashariki imekuwa na wachezaji wa kulipwa walioanza kama wabeba mikoba, na hilo linathibitisha kwamba aliyebeba alikuwa akijifunza wakati wenye mikoba wakidhani anabeba tu. Furaha iliyobebwa na mtu asiyejulikana jina si haramu kwa sababu hiyo peke yake, ila ina kasoro katika kile inachojidai nacho. Inajidai kuwa ni kuwa pamoja, na mmoja wa waliokuwa pamoja imemsahau.

Lawama ya pili ni ya hesabu. Mwaka 1972 mwanafalsafa wa Australia, Peter Singer, alitoa mfano wa mtoto anayezama kidimbwini: mpita njia anapaswa kumwokoa hata kama nguo zake zitaharibika, na umbali wa mtoto haubadilishi wajibu huo. Ukifuatwa mfano huu, fedha za safari ya Mufindi zinapaswa kwenda kununua madawati na dawa huko Msanzi, na mwaka ujao vivyo hivyo, mpaka safari ife. Susan Wolf alijibu mwaka 1982 kwamba mtu aliyejitolea kuwa mtakatifu wa maadili kila dakika atakosa nafasi ya michezo, muziki na upendeleo wa moyo, na maisha yake hayatakuwa maisha ambayo mtu angemtamania mwanawe. Jibu hilo lina nguvu, ila haliondoi kila kitu. Linamruhusu mtu acheze gofu. Halimruhusu kusahau kwamba kidimbwi kipo.

Lawama ya tatu ndiyo nzito, nayo haihusu fedha. Mtu wa mfano wetu hutuma fedha Msanzi kila mwezi, na nyumba ya mama yake ina bati jipya. Lakini mama hakusema, "Tuma ukipata nafasi." Alisema, "Njoo." Ili kuuelewa uzito wa neno hilo, inafaa kuutazama uwanda ule.

Msanzi iko katika Wilaya ya Kalambo, iliyoanzishwa mwaka 2012 kutokana na iliyokuwa Sumbawanga Vijijini, makao yake makuu yakiwa Matai. Ni nchi ya juu, yenye majani marefu, upepo na anga pana, kati ya bonde la Ziwa Rukwa upande mmoja na Ziwa Tanganyika upande wa pili. Mahindi, maharage na ulezi ndiyo mali yake. Wafipa walijulikana tangu zamani kwa kilimo cha matuta, ambamo majani hufukiwa ndani ya udongo yakawa mbolea, na kwa tanuri ndefu za udongo za kuyeyushia chuma. Mavuno yakishaingia, kuanzia Juni hadi Agosti, kazi hupungua. Ndipo harusi zinapofungwa, pombe ya ulezi inapopikwa, na watu wanapotembeleana. Uwanda huu nao, basi, una starehe yake ya kila mwaka, na inaangukia miezi ileile ambayo wageni wa Mufindi wanapakia mikoba yao garini.

Msafiri wa Kiskoti Joseph Thomson, aliyepita Ufipa mwaka 1880, aliwasifu wenyeji kwa amani na bidii yao. Miaka mingi baadaye mwanaanthropolojia Roy Willis, aliyeishi kwa Wafipa katika miaka ya 1960, aliliita jambo hilo fumbo la amani, na mwaka 1989 akalichambua katika kitabu kuhusu jamii zinazoishi kwa utulivu. Alivutiwa na jinsi mazungumzo na ukarimu kwa mwingine vilivyokuwa ndiyo njia ya kuwa mtu kamili. Kwa mujibu wa fikra hiyo, kuzungumza si kitu kifanywacho kazi ikiisha. Mtu asiyekaa kuzungumza na wenziwe bado hajafika, hata kama mwili wake umeshuka kwenye basi.

Willis huyohuyo aliandika juu ya hekaya ya Milansi, mahali panapohesabiwa kuwa kitovu cha Ufipa ya kale. Inasimuliwa kwamba mtawala wa Milansi alikuwa ametoka, ndipo wakafika wanawake watatu wageni. Wakakaribishwa, wakapewa kiti cha mtawala. Aliporejea alikuta kiti chake kina mtu, na tangu hapo utawala wa nchi ukawa wa ukoo wa wageni wale, ilhali Milansi ikabaki na heshima ya utangulizi. Hekaya hii inaweza kusomwa kama historia ya tawala mbili. Inaweza pia kusomwa kama onyo juu ya kutokuwapo. Aliyekuwa na haki ya kiti hakukipoteza kwa vita, alikipoteza kwa kuwa hakuwapo nyumbani siku wageni walipofika.

Mtoto wa Msanzi asiyefika ana kiti chake kule, na kiti hakikai kitupu milele. Jirani ndiye anayemchotea mama maji, ndiye anayejua dawa zake za asubuhi, ndiye anayemsikiliza jioni akisimulia habari za mume aliyekufa. Pole pole jirani huyo anakuwa mwana. Hakuna ubaya kwa jirani, wala kwa mama. Lakini mwana atakaporejea siku moja na zawadi za mjini, atapokewa kama mgeni, na mgeni ana siku zake. Mwalimu Nyerere, katika insha yake ya mwaka 1962 juu ya ujamaa, aliikumbusha nchi methali ya mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwana huyu hafiki siku ya tatu. Jembe halimfikii, na hivyo hawi mwenyeji.

Wapo watakaosema kwamba dawa ni rahisi: aache gofu, aende kwa mama, kwa kuwa wajibu unatangulia starehe. Jibu hilo linasikika kama la haki, na bado lina kosa ndani yake. Mtu aliyekwenda Msanzi kwa wajibu mtupu, akiwa amekaa ukingoni mwa kiti na jicho kwenye simu, amempelekea mama mwili wake na kumnyima kilichobaki. Mama aliyemlea ataliona hilo kabla chai haijapoa. Hakuna mzazi anayetamani kuwa adhabu ya mwanawe. Anachokitaka ni kilekile ambacho marafiki saba wanakipata Mufindi: saa zisizo na shughuli, hadithi iliyokwisha kusimuliwa ikasimuliwa tena, kucheka bila sababu ya maana. Kwa maneno mengine, anataka mwanawe astarehe naye. Starehe ya mtu mbele yako ni heshima kubwa kuliko utumishi wake, kwa maana mtumishi anaweza kulipwa, bali anayefurahia kuwa nawe hawezi kununuliwa.

Kwa hiyo kosa la mtu wa mfano huu halimo katika gofu yake. Limo katika tarehe. Wiki ya Mufindi ina siku yake, imeandikwa, na mkubwa wake wa kazi anaijua tangu Januari. Msanzi haina siku. Msanzi huwekewa "nafasi", na nafasi ni kitu ambacho hakijapata kuonekana kwenye kalenda. Sababu yake si vigumu kuitambua. Marafiki wakikosewa mwaka mmoja na mwaka wa pili, watamtafuta mwingine wa kukamilisha idadi. Mama hatatafuta mwana mwingine, atangoja. Ndivyo ilivyo kwa wengi: binadamu humpa tarehe yule anayeweza kumwacha, na humwacha pasipo tarehe yule asiyeweza kumwacha. Upendo usio na masharti, badala ya kulipwa zaidi, hulipwa mwisho.

Na maneno ya mama, "ukipata nafasi," ni adabu. Yamesemwa na mtu asiyetaka kuwa mzigo. Mwana anayeyapokea kama ruhusa ya kutokwenda ameyasikia maneno akaacha kumsikia msemaji. Katika handikapu ya gofu mwenye nguvu hamngoji mnyonge aombe nafuu. Nafuu imekwisha kuandikwa kabla mchezo haujaanza. Mtu anayeijua kanuni hiyo uwanjani hana udhuru wa kutoijua nyumbani.

Visiwani kuna mfano wa tarehe ya namna hii. Kila Julai watu wa Makunduchi husherehekea Mwaka Kogwa, na watoto wa Makunduchi wanaoishi mjini na mbali zaidi hurejea. Siku hiyo haihamishwi kwa sababu fulani ana mkutano. Wenyeji hupenda kila nyumba iwe na mgeni, na aliyekosa wake humtafuta. Vivyo hivyo familia za Unguja zinapokwenda kuvunja jungu kabla ya Ramadhani, hakuna anayesubiri nafasi, kwa kuwa mwezi mwandamo ndio unaotoa amri. Mila hizi zina hekima ya kuondoa furaha ya jamaa kutoka katika huruma ya shughuli za mtu binafsi. Zinaifanya starehe kuwa miadi, na zinamfunga mwenye nguvu na mnyonge kwa miadi hiyohiyo.

Je, mtu huyu angeweza kuwachukua marafiki zake saba hadi Msanzi? Pengine, na ingekuwa vizuri. Wangeteremka hadi Kalambo, kwenye mpaka na Zambia, ambako maji huanguka zaidi ya mita 200 kwa mkupuo. Karibu na maporomoko hayo wanaakiolojia walitangaza mwaka 2023 kwamba wamekuta magogo yaliyochongwa na kuunganishwa miaka kama 476,000 iliyopita. Wangefika Kasanga wakaliona Ziwa Tanganyika. Lakini wangehitaji tahadhari, wasije wakaigeuza nyumba ya mama kuwa kituo cha kupigia picha kati ya maporomoko na ziwa. Mgeni anaweza kukikalia kiti cha mwenyeji hata kwa wiki moja tu. Mwaka mmoja wa wote pamoja ungekuwa zawadi kwa mama, lakini miaka mingine angemtaka mwanawe peke yake.

Imebaki kulijibu swali lililoulizwa mwanzo. Starehe haidaiwi sababu. Anayemtaka mtu aeleze furaha yake ina faida gani amekwisha kumfanya chombo, na marafiki wanane wanaotembea kwenye ukungu wa Mufindi hawana la kujitetea. Lakini starehe inadaiwa hesabu: nani aliyebeba mkoba, ardhi na maji vilitoka kwa nani, nani amengoja wakati mwingine akicheza. Hesabu hiyo haina mwamuzi. Hakuna mtu wa Mufindi atakayemuuliza juu ya Msanzi, wala mama hatamshitaki. Ni kama mkwaju ule uliopigwa kichakani. Mchezaji mwenye adabu hutoka na kuutaja, akauandika kwenye karatasi yake, kisha akaendelea na shimo linalofuata. Kwa mtu huyu kuuandika ni kufungua kalenda mwezi wa Januari na, kabla ya kuijaza wiki ya Agosti, kuweka wiki moja ya Julai mbele ya jina la Msanzi, kisha kupiga simu. Mama hatahitaji tena kusema "ukipata nafasi". Atauliza tu wanakuja wangapi, ili ajue aloweke ulezi kiasi gani.